Vyama vya kimataifa vya madaktari wa meno vinatusaidia nini sisi tunaoshinda kwenye kiti?

Tabibu Mchanga (mwanzisha mada)

Ndugu wanataaluma, nawasalimu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nianze kutibu kwa leseni yangu mwenyewe, na siku hizi barua pepe za vyama vya kimataifa haziniishii. Wiki iliyopita nilipokea mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilitoka kwenye chama chetu cha kitaifa, ikieleza kwamba sehemu ya ada yetu ya mwaka hupelekwa kwenye Shirikisho la Madaktari wa Meno Duniani, lile linalojulikana kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa, FDI, na kwamba kwa njia hiyo sisi sote tumo ndani yake. Ya pili ilitoka kwenye taasisi nisiyoifahamu, inayojiita ya kimataifa, ikinipongeza kwa mchango wangu uliotukuka katika fani na kunialika niwe mwanachama wa heshima, nitundike cheti ukutani na kuongeza herufi nne baada ya jina langu, mradi nilipe kabla ya mwisho wa mwezi. Mchango wangu uliotukuka, kwa kadiri ninavyoujua mimi, ni kuziba magego na kung'oa mizizi iliyosalia.

Barua hizo zimenifanya nijiulize jambo ambalo chuoni hatukulizungumza. Vyama hivi vya kimataifa hasa hufanya nini? Je, vina mamlaka yoyote juu yangu, au ni mahali pa wakubwa kukutana mara moja kwa mwaka na kupiga picha? Na kama vina kazi ya maana, kazi hiyo humfikia vipi mgonjwa aliyelala kwenye kiti changu akiwa ameshika shavu? Naomba majibu ya watu waliovifahamu kwa karibu, wawe wamevipenda au vimewachosha.

Mwalimu Mstaafu

Dokta, umeuliza vitu vitatu kwa pumzi moja, kwa hiyo niruhusu nivitenganishe kwanza, maana nimefundisha miaka mingi na mkanganyiko huu nimeukuta hata kwa watu wenye mvi.

Anayekupa ruhusa ya kutibu ni baraza la usajili la nchi yako, ambalo limeundwa kwa sheria. Hilo ndilo linaloweza kukuita, kukuhoji, kukusimamisha na hata kukufuta. Chama cha kitaifa ni jambo jingine: ni muungano wa wanataaluma wenyewe, wenye kutetea maslahi yao na, kikiwa chama kizuri, maslahi ya wagonjwa pia. FDI iko juu ya hapo kwa maana ya upana tu, si kwa maana ya amri, kwa kuwa ni chama cha vyama. Haiwezi kukupa leseni wala kukunyang'anya, na hakuna mtihani wake utakaokufungulia mlango wa kutibu katika nchi nyingine. Ukikutana na mtu anayekwambia kwamba uanachama wa kimataifa unatosha kukuruhusu kufanya kazi ugenini, ujue ama hajui au anauza kitu.

Kwa historia, FDI ilianzishwa Paris mwaka 1900, na aliyesukuma gurudumu hilo alikuwa Charles Godon, daktari wa meno na mwalimu wa Kifaransa. Wakati ule elimu ya udaktari wa meno ilikuwa vurugu tupu, kwani mahali pengine ilitolewa chuo kikuu na kwingine mtu alijifunza kwa kumtazama fundi wake, kwa hiyo haja ya kwanza ilikuwa watu wa fani moja kukubaliana juu ya nini hasa daktari wa meno anapaswa kujua. Leo makao yake yako Geneva, na kwa hesabu yake yenyewe inakusanya takribani vyama 200 kutoka nchi zipatazo 130, ambavyo kwa pamoja vina madaktari zaidi ya milioni moja. Baraza lake kuu hukutana mara moja kwa mwaka, sambamba na kongamano, na hapo ndipo yanapopitishwa matamko ya kisera. Tamko si sheria. Lakini mkuu wa chama cha kitaifa anapokwenda kuzungumza na wizara yake akiwa na karatasi iliyokubaliwa na wenzake wa nchi zaidi ya mia moja, hasikilizwi kama mtu aliyekuja kuomba kwa niaba ya kundi lake tu.

Nadhani kazi yao iliyo kubwa kuliko zote ni ile isiyopigiwa picha. Kwa muda mrefu meno yalikuwa mtoto wa kambo wa afya ya umma. FDI ina uhusiano rasmi na Shirika la Afya Duniani, maana yake inaruhusiwa kuhudhuria vikao na kutoa kauli, ingawa haipigi kura. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu afya ya kinywa, mwaka 2022 ikatoka ripoti ya Shirika iliyokadiria kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, kisha ukafuata mpango wa utekelezaji wa miaka ya 2023 hadi 2030. Mwaka huohuo wa 2021, dawa ya meno yenye floridi, diamini floridi ya fedha (dawa ya maji inayopakwa kuzuia jino lisiendelee kuoza) na saruji ya kuzibia ya glasi ayonoma zilikuwamo katika orodha mpya ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Sisemi kwamba yote haya ni matunda ya chama kimoja, kwani waliosukuma ni wengi, wakiwemo wataalamu wa afya ya jamii ambao hawajashika koleo kwa miaka. Ninachosema ni kwamba mambo ya namna hii hayaanzi yenyewe, na daktari mmoja kwenye kiti chake hana njia ya kuyaanzisha.

Halafu usidhani kwamba FDI ndiyo pekee. Watafiti wana chama chao, IADR, kilichoanzishwa New York mwaka 1920 na William Gies, ambaye, jambo linalonifurahisha hadi leo, hakuwa daktari wa meno bali mwanakemia wa baiolojia. Jarida lake la utafiti wa meno lilitangulia chama chenyewe kwa mwaka mmoja. Wanafunzi wana cha kwao tangu mwaka 1951, wapanga meno, yaani wanaonyoosha meno yaliyokaa vibaya, wana shirikisho lao tangu 1995, na wapo pia wa meno ya watoto, wa upasuaji wa taya na wa majeraha ya meno. Ukiuliza kipi kitakugusa kwanza katika kazi ya kila siku, jibu langu ni kwamba kitakugusa chama kidogo cha fani maalumu kabla ya kile kikubwa.

Ile barua ya pili nitairudia baadaye, kwa sababu nina neno nayo.

Gego la Sita

Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, ila ningependa kuongeza mfano mmoja ambao hautajwi kwenye hotuba, pengine kwa sababu tumeuzoea mno.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mgonjwa akiwa na barua fupi ya rufaa kutoka kwa daktari aliyesomea ng'ambo, ikisema: ng'oa jino namba 14. Kwa mfumo ninaoutumia mimi, ambao ni wa FDI, tarakimu ya kwanza hutaja robo ya kinywa na ya pili hutaja nafasi ya jino kuhesabu kutoka katikati, kwa hiyo 14 husomwa "moja nne," si "kumi na nne," nalo ni gego dogo la kwanza la juu upande wa kulia. Nikamwambia mama yule afungue kinywa. Moja nne lilikuwa zima, jeupe, halina hata doa. Nililigonga kwa mpini wa kioo, akanitazama kama anayejiuliza kulikoni. Upande wa kushoto, gego kubwa la kwanza lilikuwa limebaki ganda tupu, na nilipoligusa tu akauma meno na kushika mkono wa kiti.

Daktari mwenzangu alikuwa ameandika kwa mfumo unaotumika sana Marekani, ambao huhesabu meno ya ukubwani moja kwa moja kutoka 1 hadi 32, kuanzia gego la mwisho la juu kulia. Katika hesabu hiyo, 14 ni gego kubwa la kwanza la juu kushoto. Namba ni ileile, lakini jino ni jingine na upande ni mwingine. Bahati yangu ni kwamba moja lilikuwa zima na jingine limeoza, kwani kama yote mawili yangekuwa na matundu, huenda ningeng'oa lisilohusika nikiwa na barua mkononi ya kunitetea.

Mfumo wa tarakimu mbili ulipitishwa na FDI mwaka 1970, na baadaye ukachukuliwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuwa kiwango chake namba 3950. Robo za meno ya ukubwani ni 1 hadi 4, za meno ya utoto ni 5 hadi 8. Hakuna polisi aliyewahi kumkamata mtu kwa kutoutumia, lakini nchi nyingi zimeukubali, na ndiyo maana leo naweza kusoma kadi ya mgonjwa iliyoandikwa kwa lugha nisiyoijua na bado nikajua ni jino gani lililozibwa. Tangu siku ile, barua zangu za rufaa huandika namba na jina la jino pamoja.

Fundi wa Maabara

Mimi si daktari, ni fundi wa meno bandia, lakini naomba niongeze kidogo kwa alichosema Gego la Sita. Kamati ya ISO inayoshughulikia udaktari wa meno, ile namba 106, huwakutanisha wataalamu wa fani na watengenezaji wa vifaa. Kwa sababu ya makubaliano hayo, shina la kichwa cha kukerezea jino kinachoingia kwenye tabini, yaani mashine ya mwendo kasi, ni milimita 1.6, na lile la mashine ya mwendo mdogo ni milimita 2.35, hata kama kichwa kimetengenezwa bara moja na mashine imetengenezwa bara jingine. Ukinunua kisichoingia, mara nyingi umenunua aina isiyo yake, si kwamba dunia haikukubaliana.

Zamu ya Usiku

Mwalimu ametaja chama cha majeraha na mimi ni shahidi wake, kwa hiyo naomba niseme.

Saa nne za usiku aliletwa mvulana wa miaka tisa aliyeanguka kwa uso, na mama yake alikuwa na jino la mbele ndani ya kitambaa, kavu, akiwa amelifuta vizuri kwa upendo wote wa mzazi, bila kujua kwamba zile nyuzi laini alizozifuta kwenye mzizi ndizo tulizozihitaji. Zamu ile nilikuwa peke yangu na sikuwahi kurudisha jino maishani mwangu zaidi ya kusoma. Nilifungua mwongozo wa chama hicho cha majeraha, IADT, kwenye simu nikausoma nikiwa nimesimama. Unaeleza kwa hatua: jino la ukubwani lishikwe kwenye taji, si kwenye mzizi, lisuuzwe taratibu kwa maziwa, maji ya chumvi ya hospitali au mate ya mgonjwa mwenyewe, lirudishwe mahali pake mapema iwezekanavyo, lifungwe kwa waya mwembamba unaonyumbulika kwa wiki mbili. Likiwa limekaa kavu zaidi ya saa moja, matarajio hupungua sana, ila bado kuna sababu ya kulirudisha, hasa kwa mtoto ambaye taya lake linaendelea kukua. Jino la utoto halirudishwi kabisa, kwa kuhofia kulidhuru lile linalojiunda chini yake.

Mwongozo ule, ambao toleo lake la karibuni ni la mwaka 2020, uliandikwa na watu wasionijua, wakakaa wakabishana juu ya maneno yake ili mimi nisilazimike kubishana na nafsi yangu usiku ule. Uanachama wao sina hadi leo, na hawakuniuliza.

Kinywa cha Umma

Ndugu zangu, sifa zimekuwa nyingi, na mimi nimekaa katika vikao vya namna hiyo vya kutosha kuwa na jicho la pili. Naomba kusema yasiyopendeza.

La kwanza ni fedha. Kongamano kubwa haliendeshwi kwa ada za vyama, huendeshwa kwa mabanda ya maonyesho na wadhamini, na kampeni za afya ya kinywa hupata msaada mkubwa kutoka kwa watengenezaji wa dawa za meno. Sisemi kwamba fedha hizo hununua matamko. Nasema kwamba huathiri uchaguzi wa nini kisemwe kwa sauti kubwa. Ni rahisi kupata mdhamini wa bango linalosema piga mswaki mara mbili kwa siku. Jaribu kumtafuta wa bango linalosema punguza sukari na uitoze kodi. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha makala iliyokosoa wazi uhusiano wa kifedha kati ya mashirika ya utafiti wa meno na kampuni za vyakula na vinywaji vya sukari, na nilifurahi kuona jambo tulilokuwa tukilinong'ona kwenye korido limeandikwa.

La pili ni nani anayezungumza, na hapa mfano wangu ni zebaki. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ukipewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikapita kwenye samaki na kulemaza watu. Bidhaa kadhaa zenye zebaki ziliwekewa tarehe ya mwisho, lakini amalgamu ya kuzibia meno, ule mchanganyiko wa zebaki na madini mengine, iliwekwa kando: nchi zilipewa orodha ya hatua 9 za kupunguza matumizi yake na kutakiwa kuchagua angalau 2. FDI ilikuwa mezani ikitetea kupunguza kwa hatua badala ya kupiga marufuku, na kuna waliosema kwamba ilikuwa inalinda mazoea ya zamani. Mwaka 2022 ikaongezwa kwamba isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15 na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona hapana budi. Umoja wa Ulaya uliachana nayo kwa kiasi kikubwa kuanzia Januari 2025, na mwishoni mwa mwaka huohuo nchi za mkataba zikakubaliana kwamba iondoke duniani kufikia 2034.

Katika hoja hiyo, nakiri kwamba nilikuwa upande wa FDI, na sababu yangu haikuwa mazoea. Amalgamu husamehe. Mate yakiingia kidogo, hushika, na haihitaji taa ya kukaushia. Utomvu wa rangi ya jino unataka eneo kavu kabisa, umeme usiokatika, na muda ambao daktari mwenye foleni ya wagonjwa hamsini hana. Glasi ayonoma ni mkombozi kwa matundu madogo, lakini kwenye gego lililobomoka kuta mbili hudhoofika mapema. Mtu aliyezoea kufanya kazi akiwa na wasaidizi wawili na bomba la kufyonza mate linalofanya kazi daima haoni tatizo liko wapi, na ndiye mara nyingi mwenye nauli ya kuhudhuria vikao. Kwa hiyo lawama yangu kwa vyama hivi haihusu msimamo wao wa wakati ule. Ni kwamba tarehe imeshawekwa, na sauti inayodai vifaa mbadala vya bei nafuu na mafunzo kwa wale watakaobaki mikono mitupu bado ni ndogo kuliko ile iliyokuwa ikidai muda.

Tabibu Mchanga

Shikamoo Mwalimu, na wengine wote nawashukuru. Kumbe nimekuwa nikitumia kazi ya vyama hivi kila siku nikiandika namba za meno, bila kujua ilikotoka. Hoja ya ndugu Kinywa cha Umma imenigusa zaidi, kwa sababu taa yangu ya kukaushia ni moja, na ikiharibika sina ya akiba. Je, mtu wa ngazi yangu ana njia yoyote ya kufikisha jambo kama hilo huko juu, au ndiyo tusubiri mwaka 2034?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, Dokta. Njia ipo na inaanzia chini, kwenye chama chako cha kitaifa, kwa kuwa huko juu hakuna kura yako bali kuna kura ya chama chako. Rasimu za matamko hupelekwa kwa vyama wanachama vitoe maoni kabla ya kupigiwa kura, na nimeona mwenyewe, nilipokuwa katibu, rasimu ikikaa mezani wiki nzima bila mtu kuisoma hadi siku ya mwisho, kisha tukajibu kwamba hatuna maoni. Hayo ndiyo majibu yanayotolewa kwa niaba yako. Omba kuingia kwenye kamati inayosoma rasimu hizo. Haina posho, kwa hiyo nafasi haikosekani.

Sasa ile barua ya cheti. Chama cha kweli kina katiba unayoweza kuisoma, uchaguzi wenye tarehe, viongozi ambao wenzao wanawafahamu kwa kazi zao, na hesabu zilizokaguliwa. Zipo taasisi za heshima ambazo ni za zamani na za kweli, lakini huko kwa kawaida hupendekezwa na mwanachama anayekufahamu, hupongezwi na mtu asiyejua kama unatibu meno au macho. Waandikie uwaulize swali moja tu: ni mchango gani wangu mlioutathmini, na aliyeutathmini ni nani?

Tabibu Mchanga

Nimewaandikia swali hilo kama lilivyo, Mwalimu. Jibu limefika baada ya saa mbili: wameniongezea muda wa kulipa kwa wiki mbili.